Mazoezi ya Mjamzito: Nani Anaamua?



Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya mwili wakati wa ujauzito. Kwenye faida zake nitapita haraka, maana mjadala wa faida umekwisha siku nyingi. Ninachotaka tukitazame ni kwa nini mama huyu anafanya mazoezi na yule hafanyi, hata pale wote wawili wana afya njema na mimba zao hazina tatizo. Tumezoea kujibu kwamba hawana elimu, au ni wavivu. Nimefanya kazi kwenye wodi za wazazi na kliniki za mama na mtoto kwa muda mrefu, na majibu hayo mawili sikubaliani nayo. Mjamzito wa kwetu hutembea au hukaa kutegemea anachoambiwa na watu wake wa karibu, na kutegemea saa anazobakiza akishamaliza kazi za watu wengine. Tukiendelea kumhubiria yeye peke yake, tutakuwa tunazungumza na mtu asiye na maamuzi yote mkononi mwake.

Kwanza tuweke sawa kinachojulikana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ya mwili ambao, kwa mara ya kwanza, ulikuwa na sehemu ya wajawazito na waliojifungua. Unasema mjamzito asiye na tatizo la kiafya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli na kunyoosha viungo. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Ya wastani ni yale yanayokutoa jasho jepesi na kuongeza pumzi, huku bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, punguza mwendo. Kutembea kwa haraka kunatosha kabisa, na aliyezoea kukimbia kabla ya mimba anaweza kuendelea kwa ushauri wa mkunga au daktari wake.

Watafiti wa Kanada walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakayachapisha mwaka 2018. Walionyesha kwamba mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba kwa asilimia 38, na wa kupata lile shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba kwa asilimia 41. Nyinyi wakunga na wauguzi mnaolala macho wodini mnajua uzito wa namba hiyo ya pili. Mmewahi kumshika mama anayetetemeka kitandani, meno yamefungana, ndugu zake wakilia koridoni. Kitu kinachopunguza hatari hiyo, tena kisichouzwa dukani, hatuna haki ya kukinyamazia.

Wala wazo lenyewe si geni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Aristotle aliwashauri watunga sheria wawaamuru wajawazito watembee kila siku kwenda kwenye mahekalu ya miungu ya uzazi, ili miili yao isilale. Baadaye sana hofu ilikuja kuwa kubwa kuliko ushauri huo. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilielekeza kwamba mapigo ya moyo ya mjamzito anayefanya mazoezi yasizidi 140 kwa dakika, na mazoezi makali yasizidi dakika 15. Ushahidi wa kutosha haukuwepo; ilikuwa tahadhari tu. Mwaka 1994 vikomo hivyo viliondolewa, lakini kilichokwisha kuingia vichwani mwa madaktari na wauguzi hakikuondoka siku ile karatasi ilipobadilishwa. Mpaka leo nakutana na wataalamu wazuri, wenye nia njema, wanaomwambia kila mjamzito "pumzika" kwa sababu hivyo ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia.

Na hapo ndipo naliona jambo la kwanza lenye nguvu kuliko yote: hofu ya mimba kutoka.

Mimba ikiharibika kwetu, wa kwanza kuulizwa ni mwenyewe. Ulibeba nini? Uliinama wapi? Nani alikwambia uende sokoni na jua lile? Anaweza kuwa amelia usiku kucha, na bado asubuhi akakuta baraza la shangazi na majirani wanaotafuta kosa lake. Mwanamke aliyepitia hayo mara moja hatatembea nusu saa katika mimba inayofuata, hata umpe vipeperushi 10. Atakaa kitini, na ukimuuliza atasema ni uchovu.

Mama mmoja kijana alikuja kliniki na mimba ya miezi mitano, amesindikizwa na mama mkwe wake. Nilimuuliza kama anatembea tembea. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe akajibu, "Huyu simwachi afike hata dukani. Ile ya kwanza ilitoka."

Nikamwambia, "Pole sana, mama. Ilikuwa na miezi mingapi?"

"Miwili na nusu."

"Na siku ile alikuwa anafanya kazi gani?"

Akakaa kimya kidogo, akamtazama mkwewe. "Alikuwa amelala," akasema.

Nikawaeleza wote wawili kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo, na pengine zaidi, hutokana na hitilafu za kromosomu zilizokuwepo tangu mimba ilipotungwa. Hazikusababishwa na ngazi, wala ndoo, wala safari ya sokoni. Yule binti alianza kulia. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo mbele ya familia ya mumewe. Tukakubaliana kwamba kila jioni watatembea wote wawili, yeye na mama mkwe wake, hadi kwa wifi yake na kurudi. Ningempa binti peke yake ushauri ule, usingefika hata getini. Aliyekuwa na funguo za geti ni yule mama mzee, na alizishika kwa upendo, akiogopa kumpoteza mjukuu wa pili.

Maneno ya nyumbani yana tabia ya kugeuka kadiri mimba inavyokua. Miezi ya mwanzo mjamzito huambiwa atulie, asijionyeshe sana, husuda ipo, watu wana macho. Miezi ya mwisho wazee hao hao humhimiza adeki, afagie uwanja, atembee sana, ili nyonga zifunguke na uchungu uende haraka. Siyakejeli maneno hayo. Bibi zetu waliona kwamba mama mwenye mwili uliozoea shughuli huhimili uchungu wa kuzaa kuliko aliyekaa miezi tisa, na kwa hilo waliona sawasawa. Shida ni kwamba ushauri wa kusogeza mwili unafika mwezi wa nane, wakati mgongo unauma, miguu imevimba na pumzi fupi. Mwili ambao haukuzoeshwa mapema hauanzi kuzoea hapo. Miezi ya katikati, kuanzia wa nne hadi wa saba, kichefuchefu kimepungua kwa wengi na tumbo bado halijawa zito; huo ndio wakati mzuri kuliko wote, na ndio wakati ambao hakuna anayesema chochote.

Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana pia kwamba anayefanya mazoezi akiwa mjamzito mara nyingi ni yule aliyekuwa akifanya kabla ya kushika mimba. Hapa Tanzania msichana hucheza netiboli kwenye mashindano ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, akienda sekondari akacheza UMISSETA, na baada ya kidato cha nne mchezo wake umekwisha. Kaka yake ana uwanja wa mtaa, ana timu ya bodaboda, ana ndondo. Yeye ana jiko. Akishika mimba akiwa na miaka 24, amekwisha kukaa miaka saba bila kukimbia hata mara moja kwa raha yake. Tunapomwambia aanze, tunamtaka afanye jambo ambalo mtaa ulimfundisha kwamba si la mwanamke mtu mzima.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, yaani namna tunavyochanganya kazi na mazoezi.

Nendeni Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakipwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wa pwani ile ya Unguja wamekuwa wakilima mwani. Mtawaona wameinama saa nyingi kwenye maji yanayofika magotini, wanafunga vijiti na kamba, jua linawapiga migongoni. Kisha mwani mbichi unavunwa, unajazwa kwenye viroba, na kiroba kinachovuja maji ya chumvi kinaburutwa au kubebwa kichwani hadi ufukweni. Baadhi yao ni wajawazito. Ukimkuta mmoja wa hao jioni kliniki, ukamsomea kwamba afanye mazoezi dakika 30 kwa siku, umemtukana, hata kama hukukusudia. Vivyo hivyo kwa mama wa Handeni au Kishapu anayefuata maji mbali. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, na anaibeba kichwani, akiwa na mimba ya miezi minane, labda na mtoto mwingine anamfuata nyuma akilia.

Mwili hautofautishi msuli uliotumika kwa raha na uliotumika kwa shida, lakini mazingira yake hutofautiana sana. Mazoezi yana mwanzo na mwisho, na anayeyafanya ndiye anayechagua. Akisikia kizunguzungu anakaa chini; akisikia kiu anakunywa maji. Kazi ya kubeba na kulima haina ruhusa hiyo. Inasimama ikiisha, si mtu akichoka. Ndiyo maana kubeba mizigo mizito, kusimama saa nyingi na kazi za zamu za usiku vinahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo, ilhali matembezi ya hiari yanahusishwa na afya njema.

Kuna utafiti uliofanyika Keneba na vijiji vya jirani nchini Gambia ambao ningependa kila mtu anayepanga huduma za uzazi aufahamu. Wanawake wa kule ni wakulima. Msimu wa mvua ndio wa jembe, na ndio ambao ghala limebaki tupu, kwa hiyo mjamzito analima zaidi huku anakula kidogo. Watafiti waliwapa wajawazito biskuti za karanga kila siku katika nusu ya pili ya mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 39. Katika msimu wa njaa, uzito wa kuzaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 201. Katika msimu wa mavuno, gramu 94. Angalieni pengo hilo kati ya misimu miwili, kwa wanawake wa vijiji vilevile. Mama anayelima msimu wa njaa haumwi kwa kukosa mazoezi. Anahitaji chakula, mapumziko, na mtu wa kumpokea jembe.

Kwa hiyo tuna akina mama wawili wanaokaa kwenye benchi moja la kliniki. Mmoja anauza duka la simu Kariakoo. Anakaa kwenye stuli tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, anarudi nyumbani kwa daladala, na kila mtu anamwambia ale kwa ajili ya wawili. Mwingine anashinda shambani. Wa kwanza anahitaji kusimama na kutembea, wa pili anahitaji kukaa. Kuwapa wote wawili sentensi moja ni kutowasikiliza wote wawili.

Hata yule wa Kariakoo akikubali, atatembea wapi? Atoke saa ngapi? Alfajiri kuna giza na vibaka. Mchana jua la Dar es Salaam na Mombasa haliruhusu, na joto kali lenyewe ni jambo la kuepuka kwa mjamzito. Jioni barabara ya mtaa haina njia ya waenda kwa miguu. Bodaboda zinapita kushoto na kulia, mvua ikinyesha ni madimbwi. Klabu za joging zipo, zinapendeza sana Jumapili asubuhi, lakini mwendo wao haukupangwa kwa ajili yake, na kuna anayeona haya kukimbia na tumbo mbele za vijana wanaopiga picha. Zanzibar wana siku ya kitaifa ya mazoezi kila tarehe 1 Januari, na utawaona kina mama wengi wamevaa fulana juu ya baibui wakitembea kwa shangwe. Ninaipenda siku ile. Ingekuwa heri zaidi kama kila shehia ingekuwa na kundi la wajawazito wanaotembea pamoja mara tatu kwa wiki, na mkunga mmoja kati yao. Hilo halihitaji jengo wala mashine, na kwa nguo hakuna sharti: dera na viatu vya chini vinatosha. Tena mwanamke anayetembea na wenzake saba hasemwi.

Niseme na kliniki yetu wenyewe, maana tukiwataja mama wakwe na bodaboda tukajiacha, hatutakuwa wakweli. Hudhurio la kwanza mjamzito hupimwa uzito, hupimwa shinikizo, hutolewa damu, hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, baadaye dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Kadi yake inajaa. Kuhusu kuushughulisha mwili, mara nyingi hakuna neno. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, ile iliyopandisha mahudhurio hadi manane, inataja wazi ushauri wa lishe na wa kuendelea kuushughulisha mwili. Tunanyamaza kwa sababu foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na wengi hatukufundishwa. Kuna sababu nyingine pia, na tuitaje: tunaogopa. Nikimwambia atembee, kesho akatokwa na damu, watasema nesi ndiye aliyemwambia.

Hofu hiyo dawa yake ni kujua nani hapaswi. Anayetokwa damu, ambaye kondo la nyuma limejishusha na kufunika mlango wa kizazi, ambaye chupa imepasuka, mwenye shinikizo lililopanda katika mimba hii, mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambaye mlango wa kizazi umelegea, au ambaye uchungu umeanza kabla ya wakati: hao tuwaambie wasianze, na tuwape rufaa panapohitajika. Wengine wote, tuwafundishe dalili za kuacha papo hapo na kuja kituoni: damu, maji kutoka ukeni, maumivu ya kifua, kizunguzungu, tumbo kukaza kila mara kwa uchungu, kichwa kinachouma sana, maumivu au uvimbe wa mguu mmoja. Tuwaambie pia kwamba baada ya miezi mitatu ya mwanzo wasifanye mazoezi wakiwa wamelala chali, kwa sababu tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na waepuke michezo ya kuanguka na kugongana. Haya yanasemwa kwa dakika tatu. Neno la nesi lina nguvu kuliko tunavyodhani. Mjamzito akirudi nyumbani na kusema "nesi kasema," shangazi hunyamaza, au angalau hushusha sauti.

Kina baba, na nyinyi waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na inamkinga mjamzito na kazi za usiku katika miezi miwili ya mwisho. Haisemi lolote kuhusu nusu saa ya kusimama na kutembea. Hiyo mwajiri anaweza kuitoa bila kusubiri Bunge. Na mume anayeamka kuchota maji kabla ya kwenda kazini amemfanyia mkewe mambo mawili kwa pamoja: amemwondolea kilo 20 kichwani, na amempa muda wa kutembea akiwa hana kitu kichwani.

Ombi langu ni dogo. Wakunga wenzangu, katika hudhurio la kwanza, kabla ya kutoa ushauri wowote wa mazoezi, muulizeni mama: kutwa yako unaipitishaje, na nani anakusaidia? Akijibu kwamba anakaa, mpangieni matembezi, na mumtaje mtu wa nyumbani atakayetembea naye. Akijibu kwamba anabeba na kulima, msimwongezee kitu. Mwiteni mumewe hudhurio linalofuata, na mazungumzo ya siku hiyo yawe juu ya ndoo, kuni na jembe: ni kipi kitaondoka mikononi mwa mama kuanzia wiki ile, na kitashikwa na nani. Majibu yote mawili yaandikwe kwenye kadi, ili mkunga wa hudhurio la pili aulize yalifanyika au la.